Chakula Nilichompelekea Baba Moraa

Mkinisikia nikicheka leo msidhani siku ile nilicheka. Nililia mpaka kamasi, na kwa muda mrefu sikukanyaga soko la Suneka, nilikuwa namtuma jirani aninunulie hata chumvi, kwa sababu kila niliyekutana naye alikuwa ameniona, na kama hakuniona mimi basi alikuwa amemwona bwanangu akiwa na chupi tu, na aliyesababisha ni mimi Kerubo, si mwingine.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza anza. Baba Moraa (anaitwa Nyakundi, ila mimi simtaji jina, nimewatajia nyinyi mara hii moja) alikuwa akichimba mawe kule Tabaka, yale laini ya kuchongea vinyago, na mwili wake ulikuwa mwili wa kazi hiyo. Zamani alikuwa askari jeshi, na huko ndiko alikofundishwa mieleka ya kizungu, ile ya kwenye mkeka na filimbi. Basi mwaka huo akachaguliwa kwenda Ulaya kushindana na watu wa dunia nzima. Ulaya! Watu wakaanza kumsalimia kwa mikono miwili, na wasichana wakaanza kupita kwetu kuomba maji ya kunywa, ilhali mto uko upande wao.

Hao niliwavumilia. Lililonishinda ni chakula. Ziliposalia wiki chache asafiri, Baba Moraa akaacha kula. Nasonga obokima, ugali wetu wa wimbi, moto moto, naweka na chinsaga niliyoilaza na maziwa mpaka uchungu ukaisha (mboga ambayo mama yake mwenyewe alinisifia), yeye anamega tonge moja, ananawa mikono.

"Nimekatazwa, Mama Moraa. Nisipopunguza kilo watanipanga na majitu."

"Amekukataza nani?"

"Mwalimu."

Huyo alikuwa mwalimu wa shule mjini Kisii ambaye ndiye aliyemfanyisha mazoezi. Sasa niambieni nyinyi, mtu anaenda kupigana halafu ananyimwa chakula? Ng'ombe wa kulima ananyimwa nyasi? Mimi nilijua jambo moja tu: mwanaume akikataa chakula cha mkewe, ameshiba kwingine.

Tena alikuwa ananuka samaki. Kila siku anatoka kukimbia na masweta matatu juani, anarudi amelowa kama aliyeanguka mtoni, na chini ya lile jasho kuna harufu ya samaki wakavu. Kwangu samaki hakuwa amepikwa. Na Suneka nzima samaki walikuwa kwa mtu mmoja, Mama Akinyi, mjane kutoka upande wa ziwani, mrefu, mwenye mwanya, anayecheka ukamsikia kutoka barabarani. Alikuwa akiuza samaki na kununua mahindi kwa gunia. Hakuwahi kunikosea, lakini nilianza kuzichukia mpaka hatua zake. Nikawa nanusa mashati kabla ya kuyafua, nikawa nasugua sufuria mpaka mpini ukang'oka, na siku moja nikajaribu kucheka kama yeye pale jikoni, nione kuna utamu gani, mtoto akashtuka akalia.

Halafu jirani akaja kuniambia, bila kuulizwa, kwamba amemwona Baba Moraa akiingia stoo ya Mama Akinyi, ile ya nyuma ya duka, na mlango ukafungwa.

Ningekaa chini ninywe uji. Badala yake niliamua jambo dogo tu: nitampelekea chakula chake kulekule, nitawawekea mbele yao wote wawili, niseme "Karibuni," nirudi nyumbani. Neno moja. Nikafunga sufuria kwa leso, nikajitwika.

Njiani nikakutana na mama yangu mdogo, ametoka Nyamache na ndizi zake. "Unampelekea nani chakula?" Ningesema wanaochimba shamba. Mdomo wangu ukasema, "Nampelekea Baba Moraa kwa mke wake wa pili." Mama mdogo akatua ndizi, akapiga yowe, akanifuata. Yowe likaleta wanawake waliokuwa wakitoka kisimani. Hao wakaleta wengine. Tulipofika sokoni nilikuwa naongoza watu kama wa mazishi, na wa nyuma wanauliza wa mbele nani amekufa.

"Baba Moraa!" niliita mlangoni pa stoo. "Chakula kimekufuata!"

"Subiri!" ikatoka sauti yake ndani. "Usifungue!"

Nyinyi mngefanya nini? Niliusukuma mlango kwa bega, waliokuwa nyuma wakanisukuma mimi, na mlango wenyewe ulifungwa kwa kamba.

Tuliingia kwa pamoja. Mimi chini, sufuria mbele yangu, ugali huko, chinsaga ukutani. Nilipoinua macho nikamwona bwanangu anabembea hewani. Amekaa ndani ya gunia lililoning'inizwa kwenye mizani ya mahindi, katikati ya mafungu ya samaki wakavu, kichwa huku na miguu kule, na mwalimu wake amesimama mbele akisoma kilo. Mwanamke hakuwamo. Mama Akinyi alikuwa dukani anampimia mtu samaki; ndiyo kwanza anakuja mbio akiuliza, "Kwani kuna moto?"

Baba Moraa akataka kushuka, gunia likapasuka, akaangukia bega. Na alikuwa amevua nguo zote ili zisiongeze uzito, amebaki na chupi.

Kwetu mkwe na mama wa mkewe hata mkono hawapeani, na mama mdogo ni mama. Alijifunika uso kwa leso, akageuka, akapita juu ya watu huku analia, "Uuwi, macho yangu!" Mama Akinyi alifungua leso yake kiunoni, akabaki na gauni, akamfunika bwanangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa bado nimelalia ugali, nilisikia wivu unanichoma: kwa nini leso yake, si yangu?

"Bega likiwa limeteguka," mwalimu aliniambia taratibu, "umeifunga safari yake wewe mwenyewe."

Sikulala vizuri mpaka bega lilipopungua uvimbe. Nilipomuuliza kwa nini hakunieleza habari ya mizani, alisema aliona aibu, mwanaume mzima kupimwa kama gunia la mahindi. Mbuzi ilibidi achinjwe ili aibu ya mama mdogo iondoke, wazee wakala, mimi nikala, na Baba Moraa akakaa pembeni ananusa tu, maana kilo zilikuwa hazijatimia.

Alienda. Alimwangusha mmoja, akaangushwa na wa pili, akarudi na watu wakamlaki kwa nyimbo.

Nikaapa, na kiapo hicho nimekishika mpaka leo, kwamba sitamfuata mwanaume tena hata arudi ananuka manukato. Nikaenda kwa Mama Akinyi nikamwomba msamaha, akacheka kile kicheko chake, akanifungia samaki.

Ila alirudi na picha, Baba Moraa. Amesimama na mwanamke wa kizungu aliyemshika mkono. "Huyu ni daktari wetu," akasema. Nikasema sawa. Niliitundika ukutani mimi mwenyewe, nikachukua kalenda, nikaitundika juu ya nusu ya daktari.