Dijei wa Harusi Yangu ya Pili

Mama watatu wa kamati ya kanisa walinikuta kwenye cherehani, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nikiwa katikati ya kushona gauni la bibi harusi mwingine. Walikuwa wameshaamua kabla ya kubisha hodi. Ndoa yangu ingefungwa baada ya ibada kwa maombi mafupi, soda na keki ndogo, kisha kila mtu kwake. Nivae kitenge, kwa sababu nyeupe ni ya wasichana. Muziki usiwepo.

"Harusi ya mujane inakuwaka ya kimya," alisema mkubwa wao kwa Kiswahili chetu cha Kongo, mama tuliyetoka naye Uvira, mtu ninayemheshimu. "Njo vile tulikuta. Bantu batasema nini?"

Mkono wangu ulibaki kwenye gurudumu la cherehani. Mume wangu wa kwanza nilimzika kwa heshima zote. Nililala chini, nilinyoa nywele, nilivaa nguo ileile mpaka ndugu zake wenyewe waliponiambia niivue. Watoto wetu nimewalea kwa sindano. Sasa mwanamume mmoja wa Bukavu, mwalimu wa Kifaransa, mtu mpole, alikuwa amenitaka mbele ya watu wote na nilikuwa nimekubali. Sikuona kwa nini niolewe kwa kunong'ona.

"Asanteni kwa kunitembelea, bamama," nilisema. "Lakini dijei nimeshamupata. Atakuja na spika zake."

Sikuwa na dijei yeyote. Hata wazo lake sikuwa nalo mpaka neno lilipotoka mdomoni. Walipoondoka nilicheka peke yangu, halafu nikaogopa, halafu nikaona basi, itabidi apatikane kweli.

Jioni nilimweleza mchumba wangu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Na mi nitacheza?"

"Utacheza."

"Basi utanifunza," alisema, na hapo tukamaliza.

Habari ilimfikia pia mdogo wake marehemu mume wangu. Alikuja kesho yake asubuhi, nikamsogezea kiti, akakikataa.

"Yaya yangu iko chini ya udongo, shemeji, na we unamuchezea juu yake?" Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Simuchezei yeye. Naolewa."

"Olewa. Sijakukataza kuolewa. Ile makelele njo sitaki."

Nilimpenda sana shemeji yule. Ndiye aliyembeba kaka yake mgongoni tulipokuwa tunakimbia kutoka Fizi kwenda Uvira, kaka mtu akiwa mgonjwa. Kwa hiyo nilijibu polepole, ili asikie kila neno.

"Wakati wa matanga nililia mpaka sauti ikaisha, na uliniona. Hakuna mutu aliniambia nilie kidogo. Leo nafurahi, njo munataka nifurahi kidogo?"

Alikirudisha kiti mahali pake, akaondoka.

Vijana wawili wanaopiga muziki hapa kambini walinikataa. Wa kwanza alijificha, mke wake akasema amesafiri, na mimi nilikuwa naona viatu vyake mlangoni. Wa pili alikataa kwa adabu. Ndiye anayeendesha mitambo ya kanisa. "Mama, nikija kwako, Jumapili batanifungia mulango," alisema. Sikumlaumu. Nikapanda minibasi kwenda Lilongwe.

Mtaa wa Area 25, karibu na soko, kulikuwa na dijei mwenye spika ndefu kuliko mimi, zimepangwa nje ya duka lake kama makabati. Alinikaribisha vizuri akidhani namtafutia binti yangu. Aliuliza bibi harusi ana umri gani.

"Bibi harusi ni mimi," nilisema.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi alinishauri niweke nyimbo za dini kwenye simu, kwa sauti ya chini, inatosha kwa mtu mzima. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo mitambo yake haiendi Dzaleka, kwa kuwa watu wa kule wana vita vichwani.

"Vita tuliikimbia," nilimwambia kwa Kichewa changu cha sokoni. "Wewe ndiye unayeitaja. Zikomo, asante." Nikaondoka bila hata kuuliza bei.

Nilikwenda mtaa wa Biwi kwa mama mmoja Mmalawi ninayenunua kwake zipu na bitana. Aliona uso wangu kabla sijasalimia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilimtazama sana mdomo, maana ningeona hata kicheko kidogo ningeondoka pia. Hakucheka. Aligeuka akaita uani, na mdogo wake akatoka, mwanamke wa makamo, chitenje, kitenge cha kwao, kiunoni, povu la sabuni mikononi.

"Huyu hapa dijei," alisema mama wa zipu. "Anapiga kwenye chinkhoswe zote za huku." Chinkhoswe ni ile sherehe ya Wamalawi ambapo koo mbili hukutana kukubaliana ndoa.

Safari nzima nilikuwa nimemtafuta mwanamume. Mimi, niliyekuwa nawalalamikia wengine kwa mawazo yao ya zamani, sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba dijei anaweza kuwa mtu anayefua nguo uani.

Alijifuta mikono, akatandika mkeka, akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza tangu habari ya harusi ianze.

"Amayi," alisema, yaani mama, "bibi harusi anapenda kucheza nini?"

Nilikaa naye mkekani. Kisha nikatoa simu yangu, tukaanza kusikiliza nyimbo. Nyimbo za kwetu hakuzijua, kwa hiyo kila moja aliuliza inasema nini, ni ya kuingilia au ya kukata keki, ni ya wazee au ya vijana. Rumba alizipenda. Ulipofika wimbo mmoja wa Fizi, wenye ngoma za haraka, alianza kutingisha mabega. Nilimshika mkono. Nilimwambia ule unaimbwa kwenye matanga, ngoma zake zinadanganya, na kwamba niliuimba mwenyewe kaburini kwa mume wangu.

Alizima mara moja. "Basi huu nisiuguse?"

"Usiuguse."

Wakati wa kuagana alisita kidogo. "Watu wa kanisani kwenu, wataniruhusu mwanamke nipige?"

"Hata mimi hawajaniruhusu," nilimjibu. Hapo ndipo tulipocheka wote watatu.

Harusi ilikuwa Jumamosi, mchana, kwenye uwanja wa jirani yangu, kwa sababu uwanja wa kanisa tulinyimwa. Pasta alitufungisha ndoa asubuhi kwa moyo mweupe, lazima niseme ukweli, ila kwenye sherehe alisema ana mgonjwa wa kutembelea. Dijei alifika kwa pikapu na jenereta yake. Mama wa kamati, waliosema hawatakanyaga, walifika mapema kuliko wote na kushika viti vya kivulini. Nilivaa nyeupe. Nililishona lile gauni mwenyewe na sikuacha kitu, mkia, shanga, mikono ya lesi. Mume wangu alicheza kama mtu anayepanda ngazi gizani, lakini alicheza, na watu walimpigia makofi mpaka akaona haya.

Baada ya chakula shemeji aliingia. Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dijei akamwekea simu yake sikioni. Nikaona dijei anasikiliza, anatikisa kichwa, ananionyesha kwa kidole. Nilielewa ni wimbo gani: ule wa matanga. Shemeji alisema kitu, dijei akatikisa kichwa tena. Ndipo shemeji akainama akang'oa waya kwenye jenereta.

Kimya kilichoanguka pale kilikuwa kileile walichonitakia mama wa kamati tangu mwanzo. Watu wote walinigeukia. Nilikusanya gauni mkononi nikatembea.

"Iweke kwa heshima yake," shemeji alisema. Simu aliishika kifuani. "Moja tu. Ya yaya."

Nilijua hakuja kwa ubaya. Alikuwa anamlilia kaka yake. Mimi pia namlilia, mpaka leo, kuna siku nikishona kola ya shati la mteja mikono inakataa. Lakini kilio changu hakiwezi kuja kila kinapoitwa na mtu mwingine.

"Shemeji, ule wimbo niliuimba siku tulimuzika," nilisema. "Niliuimba mpaka mwisho, na we ulikuwa pembeni yangu. Leo siuimbi."

Nilipiga magoti kwenye vumbi, na gauni langu, nikauokota ule waya nikauchomeka. Dijei hakungoja niinuke. Alipiga rumba kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo, na mimi nikaanza kucheza palepale, mbele ya shemeji, magoti yangu yakiwa mekundu kwa udongo wa hapa Dowa. Sikucheza kwa dharau. Nilikuwa nacheza harusi yangu, na pale ndipo nilipokuwa. Mume wangu alikuja akasimama upande wangu na zile ngazi zake za gizani. Shemeji alitutazama kidogo, akaweka simu mfukoni, akaondoka.

Tulicheza mpaka jua lilipolala upande wa barabara na dijei akaanza kufunga nyaya zake.

Shemeji hasemi nami tangu siku ile. Watoto wangu wanakula nsima, ugali wa huku, kwake wanapotaka, na sijawakataza, kwa sababu ni watoto wa kaka yake. Gauni nililifua mara nyingi, udongo wa magotini haukutoka wote, nami nimeliacha hivyo. Kanisani niliitwa mbele ya kamati. Waliniambia nitoke kwenye kwaya ninayoimba mpaka nitakapoomba msamaha.

"Nitaomba msamaha wa kosa gani, mama?" niliuliza.

Mkubwa wao alitazama chini. "We unajua," alisema.

"Sijui."

Kwa hiyo sivai tena ile sare ya bluu ya kwaya, ambayo niliishona mimi, yangu na ya wenzangu wote. Nakaa benchi la mbele, upande wa kwaya, na wao wanapoanza kuimba nami naimba, sauti ya pili, kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyewahi kuja kuninyamazisha.