Nafasi Niliyouza Kwenye Foleni ya Sukari

Leo mjukuu wangu wa miaka kumi na tano kaniuliza, "Bibi, ulipokuwa kama mimi ulipataje hela?"

Nikamwambia nilikuwa nauza foleni.

Akacheka.

Enzi za Ujamaa, ikisikika sukari inakuja duka la ushirika hapa Kariakoo, watu walipanga mawe kushika nafasi. Mimi nililinda mawe ya majirani, nao wakanipa senti hamsini.

Siku moja mama alinituma nishike nafasi yetu wenyewe. Mdogo wangu alikuwa mgonjwa, na uji usio na sukari alikuwa anautema.

Baba mmoja akanipa shilingi mbili nimwachie jiwe letu. Nikahamia nyuma yake. Si sukari itatosha tu?

Ikaishia kwake.

Nikarudi na sarafu zangu mbili. Mama hakunipiga. Alizichukua, akaziosha, akazitia kwenye sufuria ya uji, kisha akanipa mwiko.

"Koroga mpaka uwe mtamu."

Nikakoroga. Ningefanya nini?

Mjukuu kaacha kucheka, ila bado anataka jibu la hela. Nyie wenzangu mngemwambia nini?