Mpishi Aliyeniita Dada

Wakati wa Wadachi nilifanya kazi ya kupiga pasi katika nyumba ya mlowezi mmoja chini ya Mlima Meru, upande wa njia iendayo Moshi. Watu wa siku hizi wakinisikia nikisema hivyo hunionea huruma mapema, wakidhani nitaanza kusimulia viboko. Viboko vilikuwepo, na mnyapara wetu alivichapa kwa bidii ya kupigiwa mfano. Lakini msichana wa umri niliokuwa nao, hata awe wapi, hupata nafasi ya kumpenda mtu asiyefaa. Mimi niliipata.

Bwana wetu alikuja huku kutajirika. Alipanda kahawa, kahawa ikakataa. Akafuga mbuni, ili manyoya yao yakapambe kofia za wanawake wa kwao. Mbuni wakavunja ua wakaenda zao nyikani, na nadhani mpaka leo wajukuu wao wanacheka. Kila jioni aliketi barazani akiutazama mlima kana kwamba mlima ndio uliomdhulumu. Mkewe, ambaye sote tulimwita bibi, alikuwa mwanamke mwenye moyo mwema, na wema wake ulitusumbua kuliko hasira za mumewe. Mtu mwenye hasira unaweza kumkwepa. Mtu mwenye wema anakufuata mpaka ulipo.

Mimi ni Mmeru wa huko huko mlimani. Nilikuwa nimesoma kidogo kwa wamisionari, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani. Nilijua kusema dhambi, wokovu, toba na ziwa la moto. Sikujua kusema kijiko. Ningeweza kumwambia mtu kwamba atahukumiwa siku ya mwisho, lakini si kwamba chakula chake ni kitamu, na jambo hili halikunisumbua hata kidogo mpaka alipofika mpishi.

Mpishi alitoka Tanga. Alifika na msafara wa mizigo, amevaa kanzu ambayo safari nzima ile haikuweza kuichafua, na kofia iliyokaa upande kidogo, si kwa bahati mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na aliongea Kiswahili kama mtu anayekunywa maji. Siku ya kwanza alinikuta uani na pasi yangu ya mkaa akaniambia, "Sabalkheri, dada. Umeamkaje?" Nikamjibu, "Amina."

Dada. Aliniita dada siku ile na kila siku iliyofuata. Kuna wanawake waliowahi kutukanwa na wanaume wanaowapenda, na wengine kupigwa. Mimi niliitwa dada, na sijui kama wao waliumia zaidi.

Kwa kuwa sikuwa na maneno, nilitumia pasi. Bibi alikuwa amemshonea mpishi koti jeupe lenye vifungo vya shaba, la kuvaa wakati wa kuleta chakula mezani, na kulinyoosha ilikuwa kazi yangu. Nililitia wanga, nikalinyoosha, nikalitia wanga tena. Mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Mapenzi yangu yote yalikuwa ndani ya koti lile, na matokeo yake ni kwamba maskini alishindwa kukunja viwiko, akawa anamimina supu kama mtu aliyefungwa vipande vya mti. Bibi alifurahi sana. Akamwambia mumewe kwamba pasi za Ujerumani hazina mfano duniani.

Naye mpishi alikuwa na lake. Kila Jumapili, akipika wali, alinitolea sahani dirishani, na ndani ya sahani hiyo hamkuwa na wali. Mlikuwa na ukoko, yale magamba yaliyoungulia chini ya sufuria. Kwetu sisi walaji wa ndizi, chakula kilichoungua ni cha mbwa. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikaenda nyuma ya banda nikalia, kisha nikampa mbwa, naye akanenepa.

Mtu wa kuongea naye habari hizi alikuwa mmoja tu, mke wa mnyapara, mzaliwa wa Pangani, mwanamke mwenye mdomo mpana na muda mwingi. Nilipomweleza kwa Kiswahili changu cha ziwa la moto kwamba mpishi ananidharau, alinitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyepanda juu ya paa.

"Ukoko?" akauliza. "Anakupa ukoko wote?"

"Wote. Kila Jumapili."

"Mwanangu, kwetu watoto hupigania ukoko. Mume wangu tangu anioe hajaniachia hata kipande. Wewe unaufanyaje?"

Sikumwambia. Lakini kuanzia Jumapili ile mbwa alianza kukonda.

Basi ikaja Krismasi, na bibi akapata wazo. Bibi akipata wazo, watu wote shambani walifanya kazi mara mbili. Safari hii wazo lilikuwa kwamba sisi watumishi tufanyiwe sherehe kama wafanyiwavyo watumishi wa kwao. Ili tufanyiwe sherehe hiyo, tulifagia, tulisugua sakafu, tulichinja bata bukini, tulipasua kuni, na wanaume walitumwa mlimani kukata mtarakwa mchanga na kuubeba mpaka sebuleni. Watu wa kwetu waliouona ukipita mabegani kama jeneza walituuliza ni nani kafa. Bibi aliupachika mishumaa mti mzima. Bwana akamsimamisha mnyapara kando ya mti na ndoo ya maji, akamwambia asiondoe macho. Mnyapara hakuondoa macho, ila aliyaelekeza kwenye pipa la bia.

Alasiri tukaitwa ndani. Kwa mara ya kwanza tuliingia sebuleni bila ya kubeba kitu, na hatukujua mikono tuiweke wapi. Ukutani Kaisari, mfalme wao, alitutazama kutoka kwenye picha yake, masharubu juu, kama mtu aliyenusa kitu. Bwana akasimama kutoa hotuba.

"Leo siku mkubwa," alisema. "Ninyi watoto yangu. Mimi baba yenu. Kesho kazi."

Ilikuwa hotuba fupi, na sehemu ya mwisho tu ndiyo iliyokuwa ya kweli. Tukapiga makofi.

Zikafuata zawadi, kila moja imefungwa kwa utepe mwekundu. Mchunga ng'ombe alipewa kamba ya kufungia ng'ombe. Mtunza bustani alipewa jembe. Mpishi alifungua yake polepole, akatoa sufuria. Nami nikafungua yangu, nikakuta pasi mpya, nzito kuliko ile ya zamani. Bibi alikuwa na machozi ya furaha machoni. Alitushika mikono mmoja mmoja akitutakia heri, nasi tukamshukuru kwa kutukumbusha kazi zetu, tusije tukazisahau usiku huo.

Nilipoinua uso nikakuta mpishi ananitazama. Ameshika sufuria yake, mimi pasi yangu. Akainua nyusi moja tu. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kucheka pamoja, na tulicheka bila ya kutoa sauti, kwa sababu bwana alikuwa karibu.

Ningeridhika na hilo. Lakini bibi alikwenda kwenye kinanda, kile kilicholetwa na gari la ng'ombe kikafika bila sauti tatu, akatangaza kwamba sasa tutacheza dansi ya kwao, mwanamume na mwanamke, wawili wawili, kwa kuzunguka. Wanawake wa kwetu wakatazamana. Kwetu watu hucheza, tena sana, lakini hakuna anayemshika mtu kiunoni mbele ya wazee, mbele ya Kaisari, saa kumi mchana. Bibi hakuwa na habari. Alikuja akatupanga kwa mkono wake kama anayepanga vikombe kabatini. "Wewe na wewe. Wewe na wewe." Akanishika bega, akamshika mpishi bega, akatusukuma. "Wewe na wewe."

Sijawahi kumshukuru Mzungu kwa dhati ya moyo ila siku ile, na yeye hakujua.

Mpishi aliuchukua mkono wangu kama anavyochukua mkate uliotoka jikoni sasa hivi, kwa ncha za vidole. Mkono wake mwingine aliuweka nyuma yangu, mbali kiasi cha kupitisha mbuzi katikati yetu. Koti lake lilinukia wanga wangu na iliki yake. Lilikuwa limekakamaa vile vile, hivyo alipozunguka, alizunguka mzima mzima kama mlango. Mimi nilihesabu mbao za sakafu ili nisimtazame usoni. Kinanda kikaruka pale penye sauti zilizokosekana, sisi tukaruka nacho, na katika kuruka huko kiatu chake kikatua juu ya vidole vyangu vitupu.

"Samahani, dada," akasema.

Nilijua kwamba Kiswahili kina jibu la neno hilo. Niliwahi kulisikia. Nilitafuta kichwani, nikapita toba, nikapita wokovu, muda unakwenda, mtu anangoja, nami nikashika neno la kwanza lenye adabu lililokuwa karibu.

"Karibu tena," nikamwambia.

Alisimama. Akanitazama kuona kama ni mzaha, akaona kwamba si mzaha, midomo yake ikaanza kutetemeka. Kisha, taratibu kabisa, huku akinitazama machoni, akainua mguu akakanyaga tena vidole vyangu, lakini kwa wepesi, kama mtu anayebisha hodi.

"Nimekaribia," akasema.

Nimeolewa miaka mingi na nimezaa. Sijaambiwa jambo lingine lililonifanya nihisi vile. Mkono wake wa nyuma ukasogea karibu, mbuzi asingeweza kupita tena, labda kuku. Akavuta pumzi. "Mimi, dada," alianza, "siku nyingi nilitaka—"

"Mpishi!" bwana aliita kutoka kwenye kiti chake. "Kahawa!"

Akauachia mkono wangu. Mwanamume mzima, mwenye kanzu isiyochafuka, aliniacha katikati ya sebule akaenda kumchemshia kahawa mtu aliyeshindwa kuipanda. Mkono wangu ulibaki hewani. Bibi aliuona, akasikitika, akamleta mnyapara akachukue nafasi. Mnyapara aliweka ndoo chini, akacheza nami mpaka mwisho, ananuka bia, na kila alipolenga vidole vyangu hakukosa.

Baada ya sherehe nilikwenda kwa mke wa mnyapara nikamwomba anifundishe Kiswahili cha watu, si cha Mungu. Alinifundisha sentensi moja nzuri. Sitaiandika hapa, maana bado nina haya, lakini ilianza na habari za moyo na ikaishia na swali. Niliisema juu ya kila shati nililolinyoosha, mpaka mashati ya bwana yakawa yameposwa yote.

Asubuhi moja nikajikaza nikaenda jikoni. Mpishi alikuwa peke yake, anamenya viazi. Aliponiona alisimama wima, akafuta mikono, na kabla sijafungua mdomo akafungua wake, akaniambia maneno kwa Kimeru. Kimeru! Alikuwa amejifunza kwa siri kwa wachunga ng'ombe wa shambani, watu wasio na huruma hata chembe. Alisema neno moja moja, uso umejaa unyenyekevu, na alichoniambia ni yale maneno ambayo kwetu huambiwa mbuzi jike ili atulie wakati wa kukamuliwa.

Nilicheka. Laiti ningeweza kujizuia, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maganda ya viazi, na sentensi yangu yote ikapotea humo. Nilipopata pumzi nikaona uso wake umebadilika. Nikajaribu kumweleza. "Si wewe," nikasema, "ni mbuzi." Nadhani haikusaidia.

"Haidhuru, dada," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Aliendelea kunipa ukoko, nami nikaendelea kumtilia koti wanga, kwa heshima kubwa, kama serikali mbili zinazopelekeana salamu. Kisha Wazungu wakaanza vita vyao. Bwana, aliyeshindwa na kahawa na mbuni, aliona kwamba atawaweza Waingereza, akaenda, akamchukua mpishi, kwa kuwa vita bila supu haviendi. Asubuhi ya kuondoka mpishi alipita uani. Alisema, "Haya dada, tuombeane heri." Nikamjibu kwa Kiswahili safi, bila kosa hata moja, kwamba Mungu amtangulie. Hakukuwa na jambo jingine la kusema mbele ya askari wale wote.

Vita vilikwisha, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaja na picha yao ya ukutani. Niliolewa na mtu wa kwetu, mzee wa kanisa, mtu mwema asiyeruka wala kuzunguka. Miaka ikapita. Siku moja nilikwenda Moshi kumtazama binti yangu aliyejifungua, na karibu na stesheni ya reli nikasikia sauti ya chini ikimwambia mteja sabalkheri. Alikuwa amenenepa, ndevu zina mvi, anauza vitumbua mlangoni pa mgahawa wake. Alinitambua kabla sijaamua kama nitapita moja kwa moja.

"Dada!" akasema.

Tulizungumza kwa muda mrefu, kwa Kiswahili kizuri pande zote mbili. Tulizungumza juu ya unga, jinsi ulivyoharibika siku hizi. Tulizungumza juu ya mvua. Aliniuliza kama mlimani ni baridi bado, nikamwambia bado. Mkewe akatoka ndani kunisalimu, akaniletea kiti na chai, akaulizia hali ya mzazi na mtoto. Nilimchunguza vizuri toka utosini hadi miguuni nikitafuta kasoro. Mwanamke mzuri, mchangamfu, mwenye adabu. Ilikuwa hasara tupu.

Nikanunua vitumbua, nikavila njiani nikienda kwa binti yangu. Vilikuwa vitamu, na hilo nalo lilinikera.