Samadi Ambayo Haijaiva

Nikiwa mdogo nilimwona mama akiutupa mtungi wa maji njiani na kujitosa kwenye migomba kama mtu aliyekanyaga nyoka. Nikalia. Kumbe alikuwa anapita babu, baba yake baba. Kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake tu, anajificha. Babu naye akageuza uso, akapita. Ule mtungi ulikuwa mpya, umetoka kwa wafinyanzi wa kule ziwani. Mpaka leo naukumbuka.

Basi, miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa na mbolea ya dukani ikatushinda bei, sisi wa Lufingo tulilima bustani moja kwa samadi na majivu, kila mtu na matuta yake. Rafiki yangu mmoja, mzee mwenye koti la mtumba lililomfika magotini, alipakana na binti mmoja wa palepale. Kutwa walichokozana.

"Tata, kabichi zako zimejikunja kama uso wako."

"Na samadi yako haijaiva, binti. Utaziunguza karoti."

Mzee aliipenda bustani ile kuliko nyumba yake. Mwanawe mkubwa alimletea ndizi na maharage kila mchana. Mchana ukaanza kufika saa nne ya asubuhi.

"Mwanangu ananijali," akajisifu.

"Sana," nikamwambia. "Ndiyo maana sahani yako anaitua kwenye karoti za jirani."

Tulicheka wengine, yeye akatafuna tu.

Ng'ombe wa mahari wa mwanawe walipopelekwa kwa kina binti, nikamuuliza sasa atafanyaje na jirani yake.

"Mambo ya zamani hayo. Kabichi zangu ndiyo kwanza zinafunga. Siondoki mimi!"

Kesho yake binti akaja na ndoo ya samadi kichwani. Kumwona mzee, ndoo ikaenda kule, yeye akachutama kwenye karoti, khanga usoni, mgongo kwetu. Na huyu mzee wa mambo mapya akageuka kuutazama mlima Rungwe, ambao asubuhi ile ukungu ulikuwa umeufunika wote.

"Mlima mzuri huo," nikamwambia.

Alizitazama kabichi zake kitambo, kisha akanipigia kelele kana kwamba niko ng'ambo ya mto:

"Mwambie mwenzako huyo, samadi yake bado haijaiva!"

Chini ya khanga mtu akacheka. Mzee akatia jembe begani, akapita kati ya matuta bila kutazama pembeni, na hakurudi tena.