Sindano ya Maji Iligeuka

Mutoto wangu, sijakuzala bado, lakini kuko siku moja yenye haitoki mu kichwa yangu, na nataka uipate mapema.

Nilikuwa nimetoka kupata diplome ya kutengeneza vyombo vya umeme. Materinite moja, nyumba ya kuzalia, huku Bukavu, juu ya kilima, ilikuwa na tanki ya maji na sindano ku mukuta ya kuonyesha kama maji iko mengi. Kapteri, kale kamashine ka kupima maji, yenye baliweka mu tanki ilikuwa inatuma volti mingi wakati maji inaisha, kidogo wakati inajaa. Basi sindano ilikuwa inadanganya: tanki kavu, yeye anaonyesha imejaa. Siku moja maji iliisha mama mumoja akiwa anazala. Balikimbia na bidon za kuchotea maji kwa majirani.

Maman Chantal, mukubwa wa bazalishaji, alituita siye batengenezaji, akatuambia: “Sindano ikidanganya tena, naitosha pale, natundika bidon ku mukuta!”

Tonton Déo, mwenye alikuwa ananifundisha kazi, akanipa ka puce, kadude kadogo ka umeme kenye unaandikia programe, kanapokea signal ya inje, zile volti za kapteri, na kuigeuza. Nikaandika mbio mbio. Sindano ikaanguka kwa zero, ikalala. Nikabadilisha fili ya umeme. Inalala. Nikabadilisha puce. Inalala tu.

Tonton alikuwa anakula ndazi yake, akaniangalia.

“We maman, mikono yako inatangulia kichwa. Kaa kwanza. Unageuzia signal kwa namba gani?”

“Kwa zero, tonton.”

“Ukigeuza volti ine kwa zero, inakuwa ine chini ya zero. Ile puce inaishi kati ya zero na tano. Huko chini itapita wapi?”

Nikaona! Katikati! Nikaweka kituo kwa mbili na nusu: kenye kiko juu yake kinashuka sawasawa, cha chini kinapanda. Ine inakuwa moja, moja inakuwa ine.

Tukafungua maji. Sindano ikaanza kupanda, polepole, pamoja na maji. Maman Chantal hakuamini, akapanda ngazi yeye mwenyewe, akachungulia mu tanki.

“Nusu! Na sindano nayo inasema nusu!”

Vigelegele! Hata bamama benye kuzala bakasimama ku madirisha. Nililia, mutoto wangu, nikacheka.

Sasa sikia. Mbele ya kugeuza kintu yoyote, kazi, ndoa, ao nyumba ya batu, tafuta kwanza katikati yake iko wapi. Na mutu akikuambia “kaa kwanza”, usikasirike: kaa.

Nyamuzinda, Mungu wetu, akubariki. Kila mahali utapita, maji isikatike.