Baba Alipokataliwa kwa Kuwa na Nguvu

Baba yangu alifundisha michezo katika shule moja ya sekondari huko Bonde la Ufa kwa miaka yote ya utoto wangu, na kustaafu hakukumwachisha. Alipokuja kuishi nasi Germantown, huku Marekani, baada ya Mama kufariki, alikuwa akivaa filimbi shingoni humo humo ndani ya nyumba. Mume wangu akirudi kutoka kazini amechoka, akipanda ngazi kwa kujivuta, Baba alimwambia ainue magoti.

Kwa hiyo nilishtuka siku nilipomkuta yeye mwenyewe ameketi katikati ya ngazi hizo hizo, mkono kifuani, akikodolea ukuta macho.

"Baba, kuna nini?"

"Naangalia rangi," akasema. "Hapa fundi aliwadanganya."

Wiki ile aliangalia rangi karibu kila siku. Kisha tukaenda Columbia Heights kununua mapazia, akaanguka katikati ya duka, juu ya rundo la mataulo, na alipozinduka akauliza ni nani aliyemsukuma. Tulimpeleka hospitali.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alitueleza kwamba vali inayoruhusu damu kutoka moyoni kwenda mwilini ilikuwa imekakamaa na haifunguki sawasawa. Ilibidi iwekwe nyingine. Njia ya kawaida ilikuwa kupasua kifua. Lakini kulikuwa na njia mpya, bado inafanyiwa utafiti: vali iliyokunjwa inapitishwa kwenye mshipa wa paja kwa mrija mwembamba, inapanda mpaka moyoni, na inafunguliwa ikiwa huko huko.

"Hiyo ya paja," Baba akasema papo hapo. "Mimi sitapasuliwa kama mbuzi wa Krismasi."

"Tatizo ni kwamba kwa sasa tunapokea wagonjwa dhaifu tu," daktari akasema. "Wale ambao upasuaji hawatauweza kabisa. Itabidi tukupime."

Nilimwona Baba akinyoosha mgongo aliposikia neno kupimwa.

Asubuhi ya kipimo nilimsihi ndani ya gari. "Baba, leo uwe vile ulivyo tu. Usijionyeshe."

"Mimi sijawahi kujionyesha," akajibu. Alikuwa amevaa suti, tai na viatu vya mbio.

Muuguzi alimuuliza kama anaweza kuvaa nguo mwenyewe. Baba akamtazama kwa huruma, akamuuliza anadhani tai hiyo imefungwa na nani. Akapewa kifaa cha kupima nguvu za mkono, akakiminya mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akaomba aminye na mkono wa kushoto. Halafu tukaenda kwenye korido. Aliambiwa atembee mpaka mwisho na kurudi, mwendo wake wa kila siku, bila haraka.

Mbele yake alikuwepo mgonjwa mwingine akipimwa, bibi mmoja Mmarekani mweusi, mwembamba, mwenye fimbo. Aliposikia Baba akiniambia nimshikie koti, akageuka.

"Hujambo, bwana," akasema. "U hali gani asubuhi hii?"

Baadaye nilijua kwamba alijifunza Kiswahili chuoni ujanani na hakukiacha tena. Baba alisimama kidogo.

"Sijambo, mama. Unaongea kama redio ya zamani."

"Nawe waonekana kama mtu atakaye kunipita," bibi akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba akaondoka kwa ule mwendo wa wanariadha wa kutembea, viwiko vikipiga kulia na kushoto. Bibi naye, fimbo na yote, akaongeza hatua. Muuguzi aliwafuata akiwaambia si mashindano. Baba alimpita bibi karibu na chumba cha mashuka, akafika mwisho, akashika ukuta, na kwa muda mrefu akaangalia picha ya maua iliyotundikwa pale. Alikuwa anahema kama pampu. Nilipomfikia aliniambia picha ni nzuri.

Majibu yalitoka: bibi alikubaliwa, Baba alikataliwa. Ana nguvu mno, akashauriwa upasuaji wa kawaida, naye akaukataa. Jumapili hiyo aliwapigia simu wazee wenzake wote huko nyumbani kuwaambia kwamba Wamarekani wamempima wakamkuta ana nguvu mno. Mimi nilikaa jikoni nikilia kimya kimya, na mume wangu akinisugua mgongo, maana sasa Baba hakuweza hata kufunga kamba za viatu bila kupumzika.

Miezi ikapita. Siku moja yule bibi akaja kututembelea, maana namba ya simu alikuwa ameiomba kwangu siku ile ya korido. Alipanda ngazi zetu mpaka sebuleni akizungumza njia nzima, bila fimbo. Alisema vali yake ni shwari kabisa. Baba alimtazama kwa uchungu.

"Alikuonyesha kovu la pajani?" nilimuuliza Baba bibi alipoondoka.

"Nilimwomba. Akasema mimi sina adabu."

Kisha daktari akapiga simu. Masharti ya utafiti yalikuwa yamelegezwa: sasa walipokea pia wazee wanaoweza kupasuliwa, ila kwa hatari kubwa. Kompyuta ndiyo ingeamua, kwa bahati nasibu, nani apate njia ipi. Nilidhani Baba angefurahi. Aliniomba simu.

"Daktari, kwani mimi nimedhoofika?"

"Hapana, mzee. Ni masharti yamelegea."

"Yamelegea masharti, si mimi."

"Si wewe."

"Basi andika hivyo," akasema, na akakubali. Kompyuta ikampa njia ya paja, na Baba akaisifu kuwa ni kompyuta iliyosoma.

Ilifanyika vizuri. Nilipoingia chumbani alikuwa na rangi usoni ambayo nilikuwa nimeisahau, na nikashika miguu yake kwa sababu sikujua nishike wapi. Daktari alimweleza kwamba vali ile imetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Baba akauliza kama ni ng'ombe wa gredi au wa kienyeji. Daktari akasema atauliza, na nadhani alimaanisha.

Kwenye ibada ya shukrani, Baba alisimama mbele ya kanisa letu la Wakenya akatangaza kwamba yeye sasa ni mfugaji hapa Marekani. Mzee mmoja kutoka Manassas akainua mkono, akauliza kwa upole kama huyo ng'ombe alikuwa dume au jike. Baba akakaa. Tulipofika kwenye gari akaniambia niwaulize hospitali.

Jumatatu nilipiga simu hospitali. Muuguzi aliniomba nirudie swali.