Mkia wa Ndege Uliokaza

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo hata leo haijaniondoka akilini. Ilikuwa pale uwanjani Ruring'u, ukungu umeshuka hadi kwenye nyasi, na mlima hatukuwa tumeuona kwa wiki nzima. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mimi na rafiki yangu Wanjohi tulikuwa kidato cha nne, na tulikuwa na ndege.

Usicheke. Ilikuwa ndege ya mbao nyepesi, urefu wa mkono wa mtu, na injini yake ilienea kiganjani. Mwalimu mmoja wa sayansi aliporudi kwao Uingereza alituachia injini hiyo ndani ya kopo la biskuti, pamoja na michoro. Ndege ya namna ile haiachiwi iende zake. Hufungwa nyaya mbili nyembamba zinazofika kwenye mpini, na mrushaji husimama katikati akizunguka nayo kama mtu aliyeshika ndama kwa kamba. Akiinua mpini, nyaya huvuta kipande cha bati kilicho ndani ya bawa, bati husukuma fito ya chuma, na fito huinua kibao cha mkia. Ndege hupanda. Akiushusha, hushuka. Uhai wote wa ndege uko kwenye kile kibao.

Kuijenga ilikuwa kazi yangu. Kuirusha ilikuwa ya Wanjohi, maana alikuwa na mkono mwepesi, mkono wa kushika yai. Baba yake, mkulima wa kahawa kule Mukurweini, alikuwa amemwambia wazi kwamba masomo yangeishia hapo. Lakini fundi mmoja wa ndege ndogo za kunyunyizia mashamba dawa alikuwa amesikia habari zetu. Alitaka mwanafunzi wa kazi, mmoja tu. Akamwambia Wanjohi, "Nionyeshe Jumamosi. Nikiona mkono mzuri, Jumatatu unaanza." Kwa hiyo ndege ile ilikuwa imebeba maisha ya mtu, na mimi nililijua hilo vizuri kuliko ninavyokueleza.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu kitu hakitoki mbele ya wageni bila kupakwa rangi. Posa ikikaribia, mlango hupakwa. Baiskeli ikienda kanisani mara ya kwanza, hupakwa. Nami nikaipaka ndege yetu nyekundu na nyeupe, tabaka juu ya tabaka, na jina langu nikaliandika chini ya bawa. Kibao cha mkia kilikuwa kimeshonwa kwa uzi badala ya bawaba, na rangi ikaingia ndani ya ule mshono. Kwa baridi ile haikukauka vizuri. Iliganda kama ulimbo. Kabla ya rangi, ukiinamisha ndege, kibao kilianguka chenyewe kama sikio la mbuzi. Ijumaa nilipoinamisha, kilibaki kimesimama.

Nikampelekea Mzee Abdalla, fundi cherehani wa mtaa wa Majengo, ambaye ndiye aliyetupa ule uzi. Ndege hakuzijua, lakini kitu kilichokaza alikijua.

"Kijana," akasema, "cherehani ikikaza, mjinga hukanyaga kwa nguvu zaidi. Mimi hutoa mkanda kwanza. Nazungusha gurudumu peke yake, halafu kichwa peke yake. Mwenye kosa hujitaja."

Akaniambia niichomoe fito. Nikaichomoa. Bati likacheza bila shida. Fito ikateleza ndani ya tundu lake. Kibao hakikusogea.

"Basi ni rangi yako. Fumua uzi, kwangua, ushone upya. Kaa hapo, nitakushikia taa."

"Rangi itaharibika, Mzee."

"Itaharibika sura tu. Mkia utapona."

Nikamwambia nitafanya nyumbani. Akanitazama juu ya miwani. "Unaniaga kama mteja ambaye harudi kuchukua suruali."

Watu barazani wakacheka, nami nikacheka pia. Nyumbani sikufumua hata uzi mmoja. Niliudondoshea mshono mafuta ya cherehani, nikakivuta kibao juu na chini mpaka kikalegea kidogo, nikajiambia yametosha. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini methali hiyo nilikuwa nikiijua kwa mtihani tu.

Jumamosi fundi yule wa ndege alikuja na koti lake la kaki, akasimama kando akitafuna jani. Wanjohi akashika mpini, akaujaribu kabla injini haijawashwa.

"Maina, hii mkia iko ngumu."

"Ni baridi. Ikizunguka itapata joto."

"Ati ipate joto? Kwani ni chapati?" Wenzetu wakaangua kicheko. Halafu akanigeukia kwa upole. "Sawa. Wewe ndio ulijenga. Ukisema iko sawa, iko sawa."

"Iko sawa," nikasema.

Maneno mawili, mwanangu. Nimesema maelfu mengine tangu siku ile na hakuna yaliyoyafuta.

Ndege ikapaa. Wanjohi akainua mpini, mkia ukakataa. Akaongeza nguvu, mkia ukaachia ghafla, ndege ikaruka juu kama iliyopigwa. Akaushusha mpini, mkia ukakataa tena. Kwa mtu anayetazama kutoka kando, ilionekana kama mrushaji anavutavuta bila akili. Mzunguko wa tatu ikaja chini kwa pua, na kilichobaki kilikuwa vijiti.

Fundi akatema lile jani. "Kijana, mkono yako ni nzito. Ndege haitaki mtu wa kuvuta kama ng'ombe." Wala hakusema kwa ubaya. Akaenda zake.

Wanjohi akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena. Mimi nilikuwa nimeokota mkia, kibao bado kimekaza hivyo hivyo. Ningeita tu, "Mzee, ngoja." Fundi hakuwa amefika hata barabarani. Nilisimama pale mpaka ukungu ukamficha.

Wanjohi alirudi Mukurweini. Mimi nilimaliza shule nikaanza kuhama. Karatina, Nanyuki, Kangari nikiandika kilo za majani ya chai, kisha Nanyuki tena. Watu husema Maina anapenda safari. Sipendi. Kila mji huwa mzuri mpaka siku mtu aniambie, "Wewe ni mtu wa kuaminika." Mzee Abdalla alifariki nikiwa mbali, na barazani kwake sikuwa nimekanyaga tena.

Mwaka jana, nikiwa nimevuka arobaini, nilikwenda Mukurweini. Nilimkuta Wanjohi anakamua ng'ombe, amenenepa kidogo, mpole vile vile. Tulikunywa chai. Binti yake, Wambui, alikuwa mlangoni na pampu ya dawa ya kahawa iliyokwama, ameshika bisibisi.

"Wacha hiyo," baba yake akamwambia. "Mikono ya hii nyumba haikuumbwa na ufundi. Ita mtu anajua."

Msichana akaiweka chini bila kubisha, kama mtu aliyezoea. Ndipo nilipotapika yote: rangi, uzi, mafuta, yale maneno "iko sawa." Wanjohi alinisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Maina," akasema mwishowe, "hiyo maneno ungeniambia nikiwa kijana. Saa hii niifanyie nini?"

Alinisindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka, kisha akarudi kwa ng'ombe wake.

Basi mwanangu, sina hadithi ya kukutuliza. Kitu kikikaza mikononi mwako, kiwe chuma au urafiki, usisukume. Kitenganishe, ukiulize kila kiungo peke yake. Ukikuta kosa ni lako, lifumue mchana, mbele za watu, hata likuharibie uzuri wote uliojipaka. Na likiwa limekwisha kuvunja kitu cha mwenzako, sema vipande vikiwa bado mkononi. Usidhani ukweli hukungoja. Maji yakishamwagika hayazoleki, na mimi nimetembea miaka mingi na ndoo tupu.

Mungu akupe ulimi mwepesi siku utakapokosea, na umkute uliyemkosea akiwa bado na miaka ya kuutumia ukweli wako.